Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili: tuambieni ukweli kabla ya kupokea ada ya maombi

Kwa Mkurugenzi,
Kurugenzi ya Masomo ya Uzamili,
(chuo sikitaji, mwenye barua ataijua barua yake).

YAH: MAOMBI YA SHAHADA YA UZAMILI KATIKA FIZIOLOJIA YA WANYAMA YASIYOJIBIWA

Profesa, shikamoo.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika hadharani kwa sababu faraghani kumeshindikana. Nimeandika kwa barua pepe ya ofisi yako na ya mratibu wa programu. Nimepiga simu ya mezani iliyo kwenye tangazo, ikaita hadi ikakatika. Nimeleta barua kwa mkono, ikagongwa muhuri wa masjala, na nakala yenye muhuri huo ninayo. Karani aliyenipokea, mtu mpole sana, aliniambia faili langu liko kwa mkubwa. Kila nilipouliza tena, lilikuwa bado liko kwa mkubwa. Basi nimeona nimwandikie mkubwa mwenyewe mahali ambapo na wengine watasoma.

Chuo nimekiacha bila jina kwa makusudi. Nikikitaja, vyuo vingine vitasoma barua hii vikishusha pumzi, na waombaji ninaozungumza nao wananiambia hali ni hiyo hiyo kwingi.

Mimi ni afisa mifugo katika halmashauri moja mkoani Dodoma, mwenye shahada ya kwanza ya sayansi ya wanyama. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu za dume bila dume mwenyewe, na ushauri kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi mvua zinapoanza, naona jambo lile lile: chotara wa Friesian wanasimama kivulini wakihema mdomo wazi, chakula wanakigusagusa tu, maziwa yanashuka, na ng'ombe niliyemhimilisha anarudia kutafuta dume. Mfugaji anasema mbegu ni mbovu, au mtaalamu hajui kazi. Mimi najua sehemu ya jibu. Ng'ombe wa maziwa anabeba tanuri tumboni: chakula kinapochachuka katika tumbo la kwanza hutoa joto, na kutengeneza maziwa kwenyewe hutoa joto jingine. Hewa ikiwa ya moto, joto hilo halipati pa kwenda. Mwili unajiokoa kwa kupunguza kula. Dalili za kutafuta dume zinakuwa hafifu na za muda mfupi, na hata mimba ikitunga, kiinitete cha siku za mwanzo hakivumilii mji wa uzazi uliopata joto. Zebu wetu, ng'ombe wa asili mwenye nundu, ana unafuu kwa sababu mwili wake huzalisha joto kidogo na ngozi yake hutoa jasho vizuri zaidi.

Nisichokijua ni chotara. Mwenye nusu ya damu ya kizungu na mwenye robo tatu wanaachana wapi hasa, kwa malisho haya ya Dodoma, kwa maji haya ya visima yenye chumvi? Watafiti wa Mpwapwa walihangaika na swali la aina hii karne iliyopita, wakachanganya Zebu wa hapa na damu za India na Ulaya, wakatupatia ng'ombe wa Mpwapwa. Naona kazi yao haikupaswa kuishia pale. Ndiyo maana niliomba kusoma fiziolojia ya wanyama, elimu ya jinsi mwili wa mnyama unavyofanya kazi. Sikuja kutafuta cheti cha kupandia daraja. Wapo wanaokuja kwa hilo, nami sina ugomvi nao, ila ningependa uelewe unayezungumza naye.

Sasa hoja zangu.

1. Kimya

Mfumo wenu wa maombi una neno moja tu kwangu: "Linashughulikiwa." Lilitokea nilipolipa ada na halijabadilika. Masomo ya mwaka ule yalianza, wenzangu wa fani nyingine wakasajiliwa, muhula ukaisha, ombi langu likawa bado linashughulikiwa.

Anayekataliwa anajua la kufanya. Ataomba kwingine, au atajiimarisha pale alipoambiwa ana upungufu. Asiyejibiwa amefungwa miguu. Halmashauri yangu iliingiza jina langu katika mpango wa mafunzo; nafasi isipotumika inakwenda kwa mwingine, na kurudi kwenye foleni ile si jambo la mwaka mmoja. Wadhamini wangu wa kitaaluma, mmoja wao mzee aliyestaafu ambaye mambo ya mtandao yanamsumbua, walikaa wakaandika barua na kuzipakia kwenye mfumo wenu. Wananiuliza matokeo. Nimekosa la kuwajibu, na naona aibu kuwaomba waandike tena.

2. Orodha ya wasimamizi

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Fomu yenu inamtaka mwombaji aje na msimamizi aliyekubali kwa maandishi. Sipingi hata kidogo. Utafiti wa fiziolojia haufai kwa mwanafunzi aliyegawiwa kwa mhadhiri asiyejua habari zake. Kuna wanyama hai ndani yake, kuna kibali cha maadili, kuna sampuli za damu ambazo zikiharibika hazirudi. Kumtafuta msimamizi kwanza ndiyo desturi ya vyuo vingi duniani, na ni desturi nzuri.

Ila orodha mliyotupa ya kutafutia ni ya lini, Profesa? Wa kwanza niliyemwandikia amestaafu. Alinijibu kwa ustaarabu kwamba aliomba jina lake liondolewe alipokuwa anakabidhi ofisi. Mwingine yuko Ulaya masomoni. Mwingine amehamia wizarani. Mwingine, Mungu amrehemu, ametangulia mbele za haki. Nililijua hilo kutoka kwa mlinzi wa idara, baada ya kuwa nimeshamwandikia marehemu na kumkumbusha kwamba nasubiri jibu lake. Fikiria mjane au mtoto wake akiifungua barua pepe ile.

Aliyebaki ana wanafunzi wengi kuliko anaoweza kuwasoma, na hakunificha. Aliniambia, "Kijana, nikikuchukua nitakuonea." Nilimheshimu kwa jibu lile na bado namheshimu. Ndilo jibu pekee la kweli nililopata chuoni kwenu, na nililipata nikiwa nimeshalipa ada.

Kwa maneno mengine, mlipofungua dirisha la maombi mwaka ule hapakuwa na mtu wa kunisimamia. Idara ilijua. Sidhani kama kurugenzi ilijua, maana sidhani kama iliuliza. Tangazo lilitoka kama lilivyotoka mwaka uliotangulia, limebadilishwa tarehe.

3. "Fani inayohusiana"

Tangazo linasema mwombaji awe na shahada ya tiba ya mifugo, sayansi ya wanyama, zuolojia "au fani inayohusiana". Nina ya pili katika orodha hiyo, ikiwa na alama zinazotakiwa. Lakini ofisa mmoja wa ndaki aliniambia kwa mdomo kwamba idara "inapendelea" madaktari wa mifugo, na kwamba sisi wa sayansi ya wanyama huwa "tunawekwa pembeni kwanza". Kama ndivyo, iandikwe. Kama sivyo, ofisa huyo aambiwe.

Naomba niseme neno juu ya upendeleo wenyewe, maana naona unatokana na kuisahau fani hii ilikotoka. Madaktari wa mifugo ni ndugu zetu na wengi wao ni wanafiziolojia hodari. Ila fiziolojia ya wanyama haikujengwa na madaktari wa mifugo peke yao. August Krogh wa Denmark, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1920, alisomea zuolojia. Ndiye aliyeandika mwaka 1929 kwamba kwa maswali mengi ya fiziolojia yupo mnyama ambaye kwake swali hilo linachunguzika kwa urahisi zaidi. Knut Schmidt-Nielsen, aliyekwenda jangwa la Algeria miaka ya 1950 kumpima ngamia, hakuwa daktari wa mifugo. Huyo ndiye aliyetuonyesha kwamba ngamia aliyenyimwa maji huacha joto la mwili wake lipande mchana na kushuka usiku, kuanzia nyuzi kama 34 hadi zaidi ya 40, ili asipoteze maji kwa jasho. C. Richard Taylor wa Harvard naye hakuwa daktari wa mifugo, na kazi yake kubwa ya mwanzo aliifanya hapa hapa Afrika Mashariki, nitamrudia.

Kama watu hao wangeomba kwenu leo, nao wangewekwa pembeni kwanza.

4. Kuku na yai

Mfadhili anataka barua ya udahili ndipo afikirie kunilipia. Kurugenzi inataka uthibitisho wa ufadhili ndipo itoe barua ya udahili. Mwajiri anataka vyote viwili ndipo atoe ruhusa ya masomo. Kila mmoja wao ana sababu, na kila mmoja akikusikiliza anakubali kwamba mzunguko huu hauna mlango, kisha anakurudisha kwa mwenzake.

Dawa yake inajulikana: barua ya udahili wa masharti, inayosema fulani amekidhi vigezo vya kitaaluma na atasajiliwa akionyesha malipo kabla ya tarehe fulani. Ni karatasi moja. Haikigharimu chuo kiti wala senti, kwa sababu asipoleta malipo nafasi inakwenda kwa mwingine. Vyuo vya nje vinaitoa kila siku, na nina rafiki aliyepata ufadhili kwa barua kama hiyo. Amekwenda, na sina hakika kama atarudi.

5. Maabara iliyo kwenye picha

Tangazo lenu lina picha ya maabara inayong'aa. Nimeingia katika maabara hiyo. Nilikuja siku ya kazi, nikaomba kwa adabu, mtaalamu wa maabara akanitembeza. Mashine ya kuzungushia sampuli za damu ili zitengane ipo, inasubiri kipuri. Friza ya kuhifadhia sampuli ipo, ila umeme ukikatika hakuna jenereta inayoishika. Vitendanishi vya kupimia homoni vinaagizwa nje, na mwanafunzi hujinunulia. Mtaalamu yule anafanya maajabu kwa alichonacho, na sitaki neno langu hata moja limguse vibaya.

Sidai maabara ya Harvard. Swali langu la chotara linahitaji vitu vichache: kipimajoto cha kuaminika, kipima unyevu wa hewa, mizani, namna ya kutunza damu isiharibike kutoka kijijini hadi mezani, na mtu wa kuniambia nilipokosea. Mengi ningeweza kuyafanya kwa vifaa duni kama ningeambiwa mapema kwamba ni duni. Andiko langu la utafiti ningeliandika kulingana na hali hiyo. Badala yake niliandika andiko la maabara iliyo kwenye picha.

Na hapa niruhusu nitoke kidogo nje ya malalamiko, kwa sababu jambo hili linaniuma kuliko ada.

Huenda hakuna sehemu ya dunia iliyoipa fiziolojia ya wanyama mifano mingi kama ukanda huu wetu. Miaka ya 1960 Taylor alifanya kazi Muguga, nje kidogo ya Nairobi, akiwapima pofu na choroa, swala wakubwa wa nyika, katika chumba cha joto. Aliona choroa aliyekosa maji akiacha joto la mwili wake lipande kupita nyuzi 45, joto ambalo lingemuua mnyama mwingine, akaeleza kwamba ubongo wake hubaki na ubaridi kwa sababu damu inayokwenda kichwani hupita kwenye wavu wa mishipa midogo na kupozwa na damu inayorudi kutoka puani. Aliona pia kwamba majani makavu wanayokula wanyama hawa hunyonya unyevu usiku, hivyo anayekula usiku hunywa huku anakula. Mfugaji wa Simanjiro akisikia habari hii hashangai sana. Anakuuliza tu kwa nini hujui tangu zamani.

Samaki wadogo jamii ya perege wanaishi Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, kwenye maji ya magadi yenye pH karibu 10 (ya maji safi ni 7). Samaki wengi hutoa taka za naitrojeni kama amonia. Katika maji yale amonia isingetoka mwilini kirahisi. Mwaka 1989 ilichapishwa kwamba samaki hawa huitoa kama yurea, kama tufanyavyo wewe na mimi. Ndugu zao wako Ziwa Natron, upande wetu wa mpaka. Fuko wasio na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia sasa wanafugwa katika maabara za Marekani na Ujerumani. Mwaka 2017 watafiti wa huko walionyesha kwamba wanaweza kukaa dakika 18 bila oksijeni kabisa na wakapona. Na kambare mamba wa Ziwa Victoria, anayeweza kujizika kwenye tope kiangazi chote akipumua kwa mapafu, ni mnyama ambaye wanafunzi wa Ulaya wanamsoma darasani na wanafunzi wetu wanamkuta sokoni.

Wageni waliofanya kazi hizo siwalaumu. Walikuja na maswali, leo wanaomba vibali vyao COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na kwingineko kwa utaratibu, na wengi wao wameandika kwa uaminifu. Na si wageni peke yao. Mkenya Geoffrey Maloiy, profesa wa fiziolojia Nairobi, alihariri kitabu kizima juu ya fiziolojia ya wanyama wa jangwani mwaka 1972. Mwaka 1986 jina lake lilikuwa la kwanza katika makala ya jarida la Nature iliyoonyesha kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Mkenya mwingine, John Maina, alilichambua pafu la ndege kwa undani hadi dunia nzima inamrejea. Kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani. Iliwezekana kwa watu waliopata mahali pa kusomea, mtu wa kuwasimamia, na ofisi iliyojibu barua.

Sisi tuna zaidi ya ng'ombe milioni 30 na tunajisifu nao kila bajeti ya wizara inaposomwa. Mwaka 2022 ukame uliwaua ng'ombe Manyara na kwingineko, na kwa majirani zetu wa pembe ya Afrika misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliotumwa kuwaambia wafugaji wapunguze mifugo. Wakaniuliza wapunguze yupi, abaki yupi, na anayebaki anaweza kukaa siku ngapi bila maji na bado akarudi kunenepa. Maswali hayo ni fiziolojia tupu. Nilijibu nilivyoweza.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo nitayatangulia.

Mtasema waombaji ni wengi na watumishi ni wachache. Kwa shahada ya kwanza, sawa. Kwa programu hii waombaji hatujazi hata daladala moja. Kutujibu wote ni kazi ya asubuhi moja ya mtu mmoja mwenye orodha ya majina na sentensi tatu za kuchagua.

Mtasema mfumo ulikuwa na hitilafu. Mfumo uliopokea malipo yangu haukuwa na hitilafu. Namba ya malipo ilitoka papo hapo na risiti ikaja kabla sijaweka simu mfukoni.

Mtasema programu haifunguliwi mpaka idadi ya wanafunzi itimie, na mwaka ule haikutimia. Hilo ninaliamini, na kama ndilo lililotokea sina kinyongo. Lakini kwa nini nilisikie kwa tetesi za korido? Sentensi moja ingetosha: programu haitaendeshwa mwaka huu, ada yako tunairejesha au tunaihamishia mwakani.

Mtasema ada ya maombi ni ndogo na tangazo limesema hairejeshwi. Ni ndogo kwangu mwenye mshahara. Kwa kijana aliyemaliza shahada juzi, anayeuza vocha akisubiri ajira, akiomba vyuo vitatu ametumia fedha ya chakula cha wiki. Na neno "hairejeshwi" lina maana pale mlipofanya kazi ya kulisoma ombi. Kupokea fedha kwa ajili ya nafasi mnayojua haipo kuna jina jingine, ambalo kwa heshima yako sitaliandika.

Mtasema nilikuwa huru kuomba kwingine. Ni kweli. Na nikienda kwingine mtakuwa wa kwanza kusimama kwenye kongamano na kulalamika kwamba vijana wanakimbilia ng'ambo. Huko nako si bure: mtihani wa Kiingereza wa kulipia kwa dola, ada za maombi za dola, hati za matokeo za kutumwa kwa kampuni ya usafirishaji. Wengi wetu tunaomba nyumbani kwa sababu wanyama tunaotaka kuwapima wako nyumbani.

Wengine watasema, nimeshaambiwa, kwamba mwombaji anayeandika hadharani anajiharibia. Huenda. Lakini ombi langu halijasomwa, kwa hiyo sijui kuna nini cha kuharibu.

Ninachoomba ni haya:

(a) Kabla ya kufungua dirisha lijalo, kila idara ilete kwa maandishi majina ya wasimamizi walio hai, walio kazini, na idadi ya wanafunzi wapya ambao kila mmoja anaweza kuwapokea. Orodha hiyo ndiyo itangazwe. Idara isiyo na msimamizi wa fiziolojia mwaka huo isitangaze fiziolojia mwaka huo. Katika yote ninayoomba hili ni la kwanza, na likifanyika peke yake nusu ya barua hii itakuwa haina kazi tena.

(b) Tangazo liwe na tarehe ya mwisho ya ninyi kujibu, kama lilivyo na tarehe ya mwisho ya sisi kuomba. Tarehe yetu ikipita hata kwa saa moja mfumo unajifunga. Yenu nayo iwe na uzito.

(c) Muandike wazi shahada zinazopokelewa. Kama mwenye sayansi ya wanyama au zuolojia atatakiwa kusoma kozi za nyongeza, semeni ni zipi, tutazisoma.

(d) Barua ya udahili wa masharti itolewe kwa kila aliyekidhi vigezo na anayetafuta ufadhili.

(e) Orodha fupi ya vifaa vinavyofanya kazi katika maabara, na gharama za vitendanishi ambazo mwanafunzi atazibeba mwenyewe. Picha mnaweza kuiacha.

(f) Ada irejeshwe kwa wote walioomba programu ambayo haikuendeshwa. Yangu mnaweza kuihamishia kwenye ombi langu lijalo, kwa sababu nitaomba tena.

Sihitaji kuitwa ofisini kwa chai wala kupigiwa simu na mtu atakayeniambia mambo haya "yanazungumzika". Naomba jibu la maandishi, kwa barua pepe ile ile niliyoiweka kwenye fomu, na liwafikie pia wenzangu walioomba pamoja nami ambao barua pepe zao mnazo. Nikipata jibu hilo nitalichapisha lote bila kupunguza neno, hata kama litanikataa.

Andiko langu limeshaandikwa upya, safari hii kwa friza isiyo na jenereta. Sampuli nitazitunza katika hospitali ya wilaya ambayo imekubali kunipa rafu moja, vipimo vya joto nitavichukua mwenyewe alfajiri na saa nane mchana, na wafugaji watakaonipa ng'ombe wao wameshapatikana. Limebaki jina la msimamizi. Nafasi yake kwenye fomu nimeiacha wazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwombaji,
Afisa Mifugo, Dodoma.

Nakala:
Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma);
Rasi wa Ndaki husika;
Mkuu wa Idara husika;
Katibu Mtendaji, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.